Chuma cha Kuazima: Kuisoma Picha ya Mwingereza wa Karne ya 17 Aliyevaa Deraya

Katika jumba la National Portrait Gallery jijini London kuna picha ya Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge aliyekuja kuitawala Uingereza, iliyochorwa na Robert Walker mnamo 1649 hivi. Ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha kitani, urefu karibu sentimita 126, upana karibu 102. Cromwell amesimama, anaonekana kuanzia kichwani hadi mapajani. Kichwa ki wazi, nywele zimeshuka hadi karibu na mabega, kola ni nyeupe isiyo na urembo wowote. Kuanzia hapo kwenda chini ni chuma kitupu, cheusi, kinachong'aa, kimefunika mabega, mikono na kifua. Mkononi ameshika fimbo fupi ya amri. Ubavuni pake yupo mtoto wa kiume, mtumishi, anamfunga mshipi wa kitambaa kiunoni.

Mtu akiitazama upesi atasema huyu ni jemadari anayejiandaa kwenda vitani, na ndivyo picha inavyotaka asome. Lakini shika uzi mmoja tu uuvute, habari yote inaanza kufumuka. Kufikia 1649 maofisa wa Kiingereza walikuwa wameacha kupigana wakiwa wamejivika chuma kiasi hicho. Mkao wa Cromwell si wake: Walker ameuchukua kwa Anthony van Dyck, mchoraji wa Mfalme Charles wa Kwanza, na Cromwell ni mmoja wa waliotia sahihi hati ya kumkata kichwa mfalme huyo huyo. Na hata tukisema "picha ya Kiingereza," nusu ya tunachokisema kilitoka Antwerp na Venice.

Picha za namna hii ni nyingi mno. Zimetundikwa kwenye makumbusho, kwenye ngazi za majumba ya kale ya mashambani, na huibuka kila mara kwenye katalogi za minada. Nyingi hazina jina la aliyechorwa wala la aliyechora. Wageni wa makumbusho huzipita haraka kana kwamba zote ni moja. Mimi husimama. Naamini zinasema mengi kuliko karibu picha zote nyingine za karne ile, mradi mtu ajue kutenganisha kipi ni cha mwenye sura, kipi cha mhunzi, kipi cha mchoraji na kipi cha desturi.

Dirii na chapeo

Tuanze na maneno, maana Kiswahili kimetuwekea akiba ya kutosha. Vazi zima la chuma ni deraya, neno tunalolisikia leo kwenye taarifa za habari zikitaja magari ya deraya. Bamba la kifuani ni dirii na kofia ya chuma ni chapeo, na yeyote aliyesikia mahubiri juu ya Waraka kwa Waefeso anayajua: dirii ya haki, chapeo ya wokovu. Chapeo tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni kofia yoyote tu. Sisi tuliolishuhudia vichwani mwa askari wao tukaliachia kofia ya vita.

Kumbukumbu hiyo ya Biblia haiko mbali na picha yetu. Waingereza wa kizazi cha Cromwell, hasa wale wa madhehebu makali ya Kiprotestanti, waliyasikia maneno hayo ya Mtume Paulo kanisani tangu utotoni. Kwao mtu aliyevaa chuma hakuwa askari tu. Angeweza pia kuwa muumini aliye macho, anayepigana vita visivyoonekana. Mchoraji hakuhitaji kuandika aya pembeni.

Kuna kipande kimoja zaidi cha kukumbuka: kola ya chuma inayozunguka shingo. Hiyo ndiyo iliyokataa kufa. Maofisa waliendelea kuivaa peke yake, juu ya nguo za kawaida, mabamba mengine yalipokwisha kutupwa, hadi ikawa alama tu ya cheo. Ukikuta picha ya mtu aliyevaa koti la ngozi na kola ya chuma basi, unamtazama mtu aliye katikati ya mabadiliko.

Risasi

Karne ya 17 ilipoanza, chuma kilikuwa tayari kinashindana na baruti na kinaelekea kushindwa. Mhunzi aliweza kufua dirii nene ya kuzuia risasi ya bastola, na ili mteja aamini aliipiga risasi moja kabla ya kuiuza. Kile kibonyeo kilibaki pale kama muhuri wa ubora, na dirii zenye kibonyeo hicho zipo hadi leo. Shida ni kwamba unene huleta uzito. Deraya ya mpanda farasi mzito, kuanzia chapeo hadi magoti, iliweza kuzidi kilo 30.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uingereza mwaka 1642, kati ya mfalme na Bunge, wapo waliokwenda vitani ndani ya chuma hicho chote. Edmund Ludlow alikuwa katika kikosi cha ulinzi cha Earl wa Essex, kamanda wa jeshi la Bunge, kwenye pigano la Edgehill, tarehe 23 Oktoba mwaka huo. Alishuka farasi, kisha akashindwa kumpanda tena ila kwa taabu kubwa, kwa mzigo wa chuma aliokuwa ameuvaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyasimulia baadaye.

Mwaka uliofuata Sir Arthur Haselrig alikuwa na kikosi cha upande wa Bunge kilichovaa chuma tangu kichwani hadi magotini, na watu wakawapachika jina la yule mnyama wa baharini mwenye gamba gumu, kamba mawe. Tarehe 13 Julai 1643, huko Roundway Down karibu na Devizes, kikosi hicho kilisambaratishwa. Ofisa wa mfalme aitwaye Richard Atkyns alimfukuza Haselrig, akamfyatulia bastola kichwani kwa karibu kabisa, na risasi haikufanya kitu. Wengine wakaja kumpiga, panga zikagonga chuma. Farasi wake alipojeruhiwa ndipo Haselrig akakubali kujisalimisha, na hata hapo wenzake wakaja kumwokoa. Mfalme Charles aliposimuliwa, alisema kwamba kama Haselrig angekuwa na akiba ya chakula kama alivyokuwa na ngome, angeweza kustahimili kuzingirwa.

Kwa hiyo deraya haikuwa upuuzi. Ilimwokoa Haselrig, lakini haikukiokoa kikosi chake. Ilikuwa ghali na nzito, na ilimchosha farasi kabla ya mtu. Bunge lilipounda jeshi jipya mwaka 1645, wapanda farasi wake walivaa koti la ngozi nene, bamba la kifua na la mgongo, na chapeo yenye vyuma vya kukinga uso. Mapaja yakaachwa wazi. Hivyo ndivyo wapanda farasi wa Cromwell walivyokuwa wakionekana uwanjani. Linganisha sasa na kile Walker alichochora.

Hapa lugha yetu inaniletea jambo ambalo Mwingereza halioni kwa urahisi katika lugha yake. Sisi tunaita risasi ile inayotoka kwenye mtutu, na tunaita risasi pia madini yenyewe yaliyoitengeneza. Ule weupe unaong'aa kwenye bega la Cromwell ni risasi. Wachoraji wa karne ile walitumia rangi nyeupe iliyopatikana kwa kuweka vipande vya risasi kwenye vyungu vyenye siki, kisha vyungu vikafukiwa katika samadi kwa wiki nyingi. Joto na mvuke vilikula madini polepole, likafanyika ganda jeupe, likakwanguliwa, likasagwa na mafuta ya mbegu za kitani. Ni sumu, na ndiyo nyeupe bora waliyokuwa nayo. Madini yaliyoitoa deraya uwanjani ndiyo yaliyoitia uhai kwenye kitambaa.

Na namna ya kuitia uhai huo ni ustadi ninaoupenda kuliko wote katika picha hizi. Kitambaa hupakwa kwanza tabaka la msingi, la kijivu au la hudhurungi. Juu yake mchoraji huweka giza: weusi wa mifupa iliyochomwa, udongo wa kahawia. Giza likiwa bado bichi huchanganya kijivu pale ambapo bamba linageuka. Mwishoni, kwa brashi iliyojaa rangi nzito, huweka nyeupe ya risasi mahali pachache sana: mstari mmoja ukingoni mwa bega, nukta juu ya kichwa cha ribiti, doa la pembe nne kifuani. Doa hilo mara nyingi ni dirisha la studio.

Chuma kilichosuguliwa hakina rangi yake mwenyewe, kina rangi za majirani. Mshipi mwekundu ukipita juu yake, kinakuwa chekundu. Mkono ukikaribia, kinapata joto la ngozi. Mchoraji hodari hachori chuma. Anachora chumba kizima kikiwa kimejikunja juu ya kifua cha mtu. Sogea hadi hatua moja kutoka kwenye picha na deraya inatoweka, unabaki na mapigo ya brashi. Rudi nyuma hatua nne, chuma kinarudi.

Mkao wa kuazima

Kwa nini basi kuendelea kumchora mtu katika vazi ambalo havai? Jibu fupi ni cheo. Kwa karne nyingi kupigana juu ya farasi ndani ya chuma kulikuwa kazi na haki ya watu wa ukoo. Silaha zilipobadilika, ukoo ulishikilia vazi. Na vazi hilo lilikuwa limekwisha kupewa sura yake kuu na Titian wa Venice, alipomchora Kaisari Charles wa Tano mwaka 1548 akiwa juu ya farasi, amevaa deraya, baada ya ushindi wake wa Mühlberg. Charles wa Uingereza, akiwa kijana, alikwenda Madrid mwaka 1623 na kuziona kazi za Titian huko. Alirudi akizitaka. Alipokuwa mfalme akawa mnunuzi mkubwa wa picha, na mwaka 1632 akampata mtu wa kumfanyia yeye kile Titian alichomfanyia Kaisari.

Mtu huyo ni Anthony van Dyck wa Antwerp. Mfalme alimpa heshima ya kuitwa Sir mwaka ule ule aliofika, akampangia pauni 200 kwa mwaka. Isipokuwa safari chache, Van Dyck alikaa London hadi alipofariki Desemba 1641, na katika miaka hiyo michache alibadilisha namna Waingereza wenye nguvu walivyojiona. Kabla yake picha nyingi za huko zilikuwa kavu, watu wamesimama kama vijiti, kila uzi wa nguo umehesabiwa. Yeye aliwafanya wapumue. Aliwapa wanaume kiwiko kilichotoka nje, kichwa kilichogeuka kidogo, mkono uliolegea juu ya chapeo iliyowekwa mezani, na nyuma yao nguzo, pazia, au mbingu zenye mawingu.

Picha yake kubwa ya Charles juu ya farasi iliyoko National Gallery, yenye urefu wa zaidi ya mita tatu na nusu, ilichorwa karibu 1637 hadi 1638. Mfalme amevaa deraya na ameshika fimbo ya amri. Wakati huo alikuwa amefanya amani na Ufaransa na Hispania tangu miaka kadhaa, na vita vya nyumbani kwake vilikuwa bado havijaanza. Deraya ile haikuwa habari ya vita. Ilikuwa ikisema: huyu ni mrithi wa makaisari.

Sasa tunaweza kurudi kwa Walker. Mtu mmoja aliyemuuliza kwa nini habuni mikao yake mwenyewe alijibiwa kwamba kama angepata iliyo bora asingetumia ya Van Dyck. Wako waliolisoma jibu hilo kama ungamo la mchoraji mdogo. Mimi naliona kuwa la busara. Charles alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na ghafla nchi ikawa na viongozi wapya waliohitaji kuonekana. Waonekane kwa mtindo gani? Hakukuwa na sura ya "kiongozi wa jamhuri" iliyokwisha kubuniwa Uingereza. Kulikuwa na lugha moja tu ya mamlaka ambayo kila mtazamaji aliielewa, nayo ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mfalme. Walker akaichukua. Akambadilishia msemaji.

Tofauti inabaki kwenye kola. Wakuu wa Van Dyck mara nyingi wana lesi pana inayomwagika juu ya chuma. Cromwell ana kitani cheupe basi. Hata hivyo mtu asikimbilie kusema kwamba kola tupu ni ya upande wa Bunge na lesi ni ya mfalme. Mitindo ilibadilika kwa wote, na wapo wafuasi wa Bunge waliojipamba kuliko mabwana harusi.

Mikono mingapi?

Swali la nani alichora picha hizi lina mtego wake. Tunadhani mtu alikaa mbele ya mchoraji, siku baada ya siku, ndani ya chuma kile, mpaka kazi ikaisha. Sivyo. Everhard Jabach, tajiri aliyechorwa na Van Dyck mara kadhaa, alieleza utaratibu wa studio: mteja hakukalishwa zaidi ya saa moja kwa wakati mmoja. Van Dyck alichora haraka mkao na vazi kwa chaki kwenye karatasi ya kijivu, kisha wasaidizi wakaendelea na nguo ambazo mteja alizituma studio. Mikono ya mwilini pia mara nyingi haikuwa ya mteja. Palikuwa na watu wa kukodi waliokuja kukaa kwa ajili ya mikono tu.

Kwa hiyo katika picha moja uso unaweza kuwa wa bwana mkubwa, umechorwa na mkono wa mchoraji mkuu. Deraya imechorwa na mwanagenzi kwa kutazama kipande kilichosimamishwa kwenye kigingi. Na vidole vilivyoshika fimbo ya amri ni vya mtu wa kawaida wa mtaani. Watazamaji wengine husikitika wakiambiwa hivi, kana kwamba wamedanganywa. Lakini wateja wenyewe walijua. Walilipia uso ufanane na cheo kionekane, na vyote viwili walivipata.

Na "Kiingereza" je? Van Dyck ni mtu wa Flanders, katika Ubelgiji ya leo. Peter Lely, aliyetawala kazi hii baada yake, alizaliwa Soest, Ujerumani, kwa wazazi Waholanzi. Godfrey Kneller aliyemfuata Lely alitoka Lübeck. Cornelius Johnson alizaliwa London, lakini katika familia ya wakimbizi kutoka Flanders. Picha ni za Kiingereza kwa sababu waliochorwa na waliolipa walikuwa Waingereza, na kwa sababu hitaji lenyewe lilikuwa la huko: nchi hiyo ilipenda picha za sura kuliko aina nyingine yoyote ya uchoraji.

Mwingereza aliyestahili kuwekwa pamoja nao ni William Dobson, aliyezaliwa London mwaka 1611. Mfalme alipohamishia makao yake Oxford wakati wa vita, Dobson alikuwa huko akiwachora maofisa wake. Wengi wao walikuwa wanapigana kweli, na inaonekana: nyuso nzito, zilizochoka. Rangi zilikuwa adimu, naye akawa anaipaka nyembamba zaidi kadiri vita vilivyoendelea. Alifariki mwaka 1646, akiwa fukara, na umri wa miaka 35 tu. Katika picha yake ya Prince wa Wales, atakayekuwa Charles wa Pili, mtoto wa miaka 12 amesimama ndani ya deraya huku mtumishi akimshikia chapeo, na nyuma kuna moshi wa Edgehill, pigano lile lile lililomwacha Ludlow chini.

Dobson pia alimchora John Byron, kamanda wa wapanda farasi wa mfalme, na hakulificha kovu bichi lililokuwa shavuni mwake. Kando ya Byron kuna kijana Mwafrika anayemshika farasi. Vijana kama huyo huonekana katika picha nyingi za Ulaya za karne ile, wamewekwa pembeni ili kuonyesha mali na upeo wa safari za bwana wao. Mara nyingi katalogi humtaja kwa neno moja, mtumishi, na kuhamia kwenye kovu la Byron. Mimi naona macho ya picha yako kwake. Dobson hakumchora kama pambo. Amempa uso wenye mawazo yake, na huo ni ushuhuda ambao nyaraka za wakati ule hazikujali kuuandika.

Picha isiyo na jina

Tuseme sasa umesimama mbele ya picha isiyo na sahihi wala jina. Wachoraji wa Uingereza wa karne ile mara nyingi hawakutia sahihi, hivyo hali hii ni ya kawaida. Unaanzia wapi?

Siyo kwenye deraya. Deraya iliweza kurithiwa, kuazimwa, au kuwa mali ya studio, ikarudi katika picha za watu watatu tofauti. Anzia shingoni. Kola ya marinda yaliyosimama itakurudisha miongo ya mwanzo ya karne. Lesi pana iliyolala mabegani ni ya miaka ya 1630. Kitani kidogo, cha kawaida, mara nyingi ni cha miaka ya 1640 na 1650. Kitambaa cha lesi kinachoning'inia mbele ya koo ni cha baada ya 1660, ufalme uliporudishwa. Nywele zinasaidia pia, kwa kuwa wigi kubwa zilishika kasi katika miaka hiyo ya 1660. Utakutana na jambo la ajabu: mtu wa zama za Lely au Kneller, wigi limemwagika hadi kifuani, na chini yake deraya kamili. Hakuna aliyewahi kupigana hivyo. Kufikia hapo chuma kilikuwa kimekamilisha safari yake kutoka silaha hadi nembo.

Kisha tazama mshipi. Jeshi la Bunge chini ya Earl wa Essex lilivaa rangi ya chungwa, watu wa mfalme walipenda nyekundu. Ni dalili, siyo sheria. Utepe wa bluu wenye nishani ya Mtakatifu George una uzito zaidi, kwa sababu walioruhusiwa kuuvaa, wanachama wa Garter, daraja la heshima la kifalme, walikuwa wachache na orodha zao zina tarehe.

Maandishi kwenye kona, na ngao ya ukoo, ndiyo yanayopotosha zaidi. Mengi yaliongezwa miaka mia baadaye na warithi waliotaka kila ukuta uwe na babu shujaa. Jina la Cromwell limebandikwa kwenye nyuso zisizofanana hata kidogo.

Katalogi nazo zina lugha yake, na inafaa kuijua kabla ya kufungua pochi. "Warsha ya Lely" maana yake ilitoka chini ya paa la Lely, na huenda yeye aligusa kidogo. "Mduara wa" ni mtu wa wakati ule aliyekuwa karibu na mtindo wake. "Mfuasi wa" hana ulazima wa kuwahi kukutana naye. "Kwa mtindo wa" inaweza kuwa kazi ya vizazi vingi baadaye. "Shule ya Kiingereza, karne ya 17" ndiyo namna ya kistaarabu ya kusema kwamba nchi na wakati vinajulikana, basi. Kila ngazi unayoshuka, bei inashuka nayo, ingawa picha ni ile ile.

Hali ya kitambaa ni sura nyingine. Vanishi hugeuka njano na kuufanya weupe wa risasi ufanane na siagi. Bluu ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa kusaga kioo chenye kobalti hupauka kuwa kijivu, hivyo mbingu nyingi unazoziona zina huzuni ambayo mchoraji hakuikusudia. Mafundi wa zamani walipogandisha kitambaa kipya nyuma ya kile cha kale kwa gundi na pasi ya moto, walilaza yale mapigo mazito ya brashi yaliyokuwa yameinuka. Deraya ndiyo iliyoumia zaidi kwenye kusafishwa, maana giza lake limepakwa kwa tabaka nyembamba; likisuguliwa kupita kiasi, bega lenye mviringo linageuka bapa jeusi. Cha kufurahisha ni kwamba risasi tena inatusaidia. Inazuia miale ya eksirei, kwa hiyo picha ikipigwa eksirei kila mng'ao unajitokeza mweupe, na kama chini kuna uso mwingine au mkono uliohamishwa, nao unaonekana.

Kazi moja ya enzi ile inaonyesha jambo hili lote kwa uwazi ambao sijaukuta mahali pengine. Si picha ya mafuta, ni bamba la shaba la kuchapia. Karibu mwaka 1655, Pierre Lombart, mchongaji Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi London, alichukua picha ya Van Dyck ya Charles wa Kwanza juu ya farasi, ile ya 1633, akaichonga upya. Mwili ni ule ule, deraya ni ile ile, farasi ni yule yule, ila kichwa alikiweka cha Cromwell. Baadaye bamba hilo hilo likarekebishwa likachukua kichwa cha Charles. Ipo pia chapa isiyo na kichwa kabisa. Farasi anatembea, mshipi umefungwa, mabamba ya kifua na mabega yanang'aa kila kipande mahali pake, na juu ya kola ni karatasi tupu.